Sura ya Sita: Plau Lipimwe Maksai Wakiwa Wamekonda

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Plau la kawaida la kukokotwa na ng'ombe hukata mfuo wenye upana wa sentimita 20 hivi. Ukigawanya utaona kwamba mkulima anayekatua ekari moja anatembea kilomita 20 nyuma ya maksai wake, juu ya udongo uliopinduliwa, mikono ikibana chuma ambacho muda wote kinataka kwenda upande wake. Hapo sijahesabu kugeuza. Shamba likiwa na urefu wa mita 100, atageuza mara zipatazo 200, na kila mgeuko ukila sekunde 20, zaidi ya saa nzima itaishia ukingoni mwa shamba bila mfuo hata mmoja kuongezeka. Kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, ambao kwa zebu ni mwendo wa haki, kazi yote ni ya saa tisa. Maksai hawafanyi kazi saa tisa kwa siku. Hufungwa nira alfajiri na kufunguliwa jua likianza kuchoma, kwa hiyo ekari moja ni asubuhi mbili, na mwenye ekari sita amemaliza karibu wiki mbili za mvua za kwanza.

Plau likikata sentimita 25 badala ya 20, kilomita zinashuka hadi 16. Inavutia, na kila mbunifu wa zana amewahi kushawishika nayo. Tatizo ni kwamba udongo haukatwi bure. Upana ukiongezeka kwa robo, nguvu inayotakiwa nayo huongezeka kwa takribani robo, na nguvu hiyo haitoki kwa mbunifu. Inatoka kwenye mabega ya ng'ombe wawili ambao tangu Juni wamekuwa wakila mabua.

Sura hii inahusu namna ya kujua kama plau linafaa. Kazi hiyo inaonekana nyepesi: funga ng'ombe, lima, tazama. Kwa miaka mingi imefanywa hivyo hivyo, na matokeo yake ni zana nyingi zilizofaulu majaribio kisha zikaota kutu nyuma ya ghala la kijiji.

Tuanze na anayevuta. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa wanyamakazi ni kwamba maksai anaweza kuvuta kwa saa kadhaa, bila kuumia, mvuto ulio sawa na sehemu ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo akiwa na afya nzuri na mazoezi. Anaweza kutoa mara kadhaa ya hapo kwa sekunde chache plau likinasa kwenye kisiki, lakini hiyo ni akiba ya dharura. Maksai wa zebu wa Tanzania, aliyekomaa na kulishwa vizuri, ana kilo 300 au pungufu kidogo. Jozi moja, basi, inatoa mvuto wa kilo 60 kwa kazi ya asubuhi nzima. Ukifunga jozi mbili hupati kilo 120 kamili, kwa sababu ng'ombe wanne hawavuti kwa wakati mmoja wala kwa mstari mmoja, na sehemu ya nguvu hupotea kwenye kusukumana.

Upande wa pili kuna udongo. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo mpimaji yeyote angefanya vyema kuyaandika kwenye fomu yake kabla ya majina ya kitaalamu. Luseni ni mchanga wa juu, karibu na mawe makubwa ya itale. Itogolo ni ile ardhi ya mteremko wa chini iliyo ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni, unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa. Plau linalokata sentimita 20 kwa upana na 12 kwa kina linahamisha kipande cha udongo chenye sentimita za mraba 240. Kwenye mchanga mwepesi uliolowa vizuri, kazi hiyo hudai mvuto wa kilo 50 hadi 70. Kwenye udongo wa tifutifu ni kama kilo 100. Kwenye mfinyanzi unaweza kufika kilo 150 na kupita. Sasa utaelewa kwa nini mwenye shamba la mbuga hufunga jozi mbili, wakati jirani yake wa luseni anatamba na moja. Si ufahari wa mifugo. Anafanya hesabu ileile ya maabara, ila yeye huisoma kwenye mbavu za ng'ombe.

Kifaa cha kupimia mvuto ni cha kueleweka: mizani inayofungwa kati ya mnyororo na nira, zamani ya springi na mshale, siku hizi yenye kihisio kinachotuma namba kwenye kompyuta ndogo mara nyingi kwa sekunde. Ugumu uko kwenye kila kitu kinachoandamana na namba hiyo. Nikikuambia plau fulani limevutwa kwa kilo 55 na jingine kwa kilo 80, utanunua la kwanza. Lakini la kwanza lilikuwa linakwaruza kwa kina cha sentimita 8, na la pili lilizama 13. Ndiyo maana mpimaji makini hupita kwenye mfuo na rula kila baada ya mita chache, akipima kina na upana, kisha hugawanya mvuto kwa ukubwa wa kipande kilichokatwa. Hapo ndipo maplau mawili yanaweza kulinganishwa. Ripoti yenye kilo za mvuto bila kina ni tangazo la biashara.

Kuna pia unyevu. Udongo uleule, shamba lilelile, unaweza kudai nguvu maradufu baada ya siku nne za jua. Kwa hiyo huchukuliwa sampuli, hupimwa uzito, huwekwa kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24 na kupimwa tena; tofauti ni maji. Mchakato huu unachosha na hakuna mgeni rasmi anayeuona, nao ndio huachwa kwanza bajeti ikibana.

Kisha kuna binadamu. Mlimaji hodari analifanya plau baya lionekane zuri. Analilaza kidogo likikosa kina, analiinua likikaribia jiwe, anazungumza na ng'ombe. Ukimpa yeye plau jipya na ukampa kijana asiye na uzoefu plau la zamani, umepima watu, hukupima chuma. Dawa yake ni kuzungusha: kila plau lipite kwa kila mlimaji na kwa kila jozi ya ng'ombe, kwa vipande vya shamba vilivyogawiwa kwa kura, na kila kitu kirudiwe mara tatu au nne. Inachukua siku nyingi. Mara kwa mara utaona kwamba tofauti kati ya walimaji wawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya maplau mawili, na hilo likitokea wajibu ni kuliandika, ingawa halimfurahishi aliyegharimia kazi.

Bado hatujagusa kosa kubwa kuliko yote, ambalo ni kalenda. Mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu hukaa bila mvua ya maana kuanzia Juni hadi Oktoba. Nyasi zinaisha, ng'ombe wanahamia kwenye mabua ya mahindi na mtama, na safari ya kwenda kunywa maji inarefuka. Mvua za kwanza zinapodondoka Novemba, mkulima anahitaji nguvu kubwa kabisa ya mwaka mzima, na ng'ombe wake wako kwenye uzito mdogo kabisa wa mwaka mzima. Nyasi mpya zitachipua, naam, lakini zitachipua wakati kazi imeshapamba moto. Chukua jozi yetu ya kilo 300 kila mmoja na uondoe kilo 40 kwa kila maksai. Mvuto wa haki unashuka kutoka kilo 60 hadi 52. Plau lililofaulu Mei, ng'ombe wakiwa wameshiba, kwa kilo 60 limekuwa mzigo.

Linganisha na maksai wa kituo cha utafiti. Hula pumba na mashudu ya pamba, huogeshwa dhidi ya kupe, hunywa maji ya bomba, na hutoka zizini wanapohitajika kwa jaribio la saa mbili. Siwalaumu watafiti kwa kuitunza mifugo yao. Ninachosema ni kwamba ripoti isiyotaja uzito wa ng'ombe siku ya jaribio, na mwezi wa jaribio, haimwambii mkulima wa Maswa kitu chochote cha kumfaa. Ningependa kila plau linaloombewa kibali lipimwe wiki ya kwanza ya mvua, kwa maksai wa mkulima walivyo, na namba hizo zichapwe kwa herufi kubwa kuliko za Mei.

Wazo la kutenganisha upimaji wa kiufundi na tathmini kwa mkulima si geni. Mwaka 1994 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwongozo wa upimaji na tathmini ya zana za kilimo ulioandikwa na Smith, Sims na O'Neill. Upimaji wa kiufundi unajibu zana inafanya nini chini ya masharti yanayojulikana. Tathmini inajibu kama inamfaa mtu fulani, mahali fulani, na mfuko fulani. Tanzania ina chombo chenye jukumu la kazi hizi, CAMARTEC ya Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1981. Vilevile ilikuwa na viwanda vya kutengeneza maplau, Ubungo Farm Implements jijini Dar es Salaam na Zana za Kilimo Mbeya. Kwenye karatasi, mnyororo umekamilika: wabunifu, wapimaji, watengenezaji. Pengo siku zote limekuwa kwenye pingili ya mwisho, ile ya kurudi kwa mkulima baada ya msimu wa pili na wa tatu.

Mashindano ya plau yana umri mrefu. Huko Uingereza, chama cha kifalme cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1838 kilifanya maonyesho ambayo maplau yalivutwa na farasi huku kipimamvuto kikisoma, na viwanda vilipigania medali kama timu za mpira zinavyopigania kombe. Kampuni ya Ransomes ya mji wa Ipswich, yenye umri kuliko chama hicho, ilikuwa miongoni mwa washindani. Mwanzilishi wake, Robert Ransome, mwaka 1803 alipata hataza ya kisu cha plau kinachojinoa chenyewe: uso wa chini ulipozwa ghafla wakati wa kumimina chuma ukawa mgumu, uso wa juu ukabaki laini na kulika kwanza, na makali yakabaki makali. Zaidi ya karne moja baadaye plau lao jepesi lililoitwa Victory lilienea Kenya, hasa Ukambani, na nakala zake zikaendelea kutengenezwa. Wakamba hawakulichagua kwa sababu ya medali, na tutaona baadaye walilichagulia nini.

Ila kisa kinachostahili kukaa katikati ya sura hii ni cha zana nyingine, iliyopimwa kuliko plau lolote na bado ikashindwa.

Miaka ya 1950, nchini Senegal, mhandisi Mfaransa Jean Nolle alianza kubuni fremu ya magurudumu mawili ya kukokotwa na ng'ombe. Mlimaji angeketi juu yake. Kwenye fremu hiyo hiyo angefunga plau asubuhi, jembe la palizi mchana, kifaa cha kupandia kesho yake, na siku ya soko angeweka bodi na kuwa na mkokoteni. Zana moja kwa kazi zote. Ni wazo linalomfanya mhandisi akose usingizi kwa furaha. Waingereza wakabuni yao. Botswana ikabuni yake. Miaka ya 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti, ICRISAT, kilicho karibu na Hyderabad nchini India, kikaiweka fremu ya aina hii katikati ya mpango wake wa kilimo cha udongo mweusi, kwa matuta mapana na mifereji ya kutolea maji. Majaribio yalikuwa mazuri. Mavuno yalipanda, saa za kazi zilishuka, michoro ilipendeza.

Mwaka 1988 Paul Starkey, mtaalamu wa wanyamakazi, alichapisha kitabu kilichofuatilia fremu hizi nchi kwa nchi. Alihesabu kwamba kwa takribani miaka 30 zilikuwa zimetengenezwa kama 10,000, za miundo zaidi ya 45. Idadi ya wakulima waliozitumia kwa miaka kadhaa kama zana za kazi nyingi, yaani kwa kazi zilizokusudiwa, ilikuwa ndogo kiasi cha kutostahili kuhesabiwa. Zilizobaki zikitembea zilikuwa zimegeuzwa mikokoteni. Kichwa cha kitabu chake hakikuzunguka: zana zilikamilishwa, kisha zikakataliwa.

Sababu zake zinafaa kusomwa polepole, kwa kuwa hakuna hata moja ambayo kipimamvuto kingeiona. Fremu ilikuwa nzito na ghali. Kubadilisha kutoka plau kwenda kifaa cha kupandia kulihitaji spana, nati na uvumilivu, halafu nati moja ikipotea shambani kazi nne zimesimama kwa pamoja, kwani mkulima aliyekuwa na zana tatu za bei nafuu sasa alikuwa na moja tu. Kugeuza kwenye shamba dogo lenye visiki kulikuwa mateso. Na zana inayofanya kila kitu ilikuwa imekubali kupungukiwa kidogo katika kila kitu.

Kilichonishtua zaidi katika habari hii ni mwenendo wa ripoti. Kituo kimoja kilijaribu kwenye ardhi yake iliyosawazishwa, kikasifu. Nchi nyingine ikasoma sifa hizo, ikaagiza, ikajaribu kwenye kituo chake, ikasifu pia. Wakulima walipoziacha hakuna aliyeandika, kwa sababu kuachwa hakutokei siku ya jaribio. Kunatokea mwaka wa tatu, mradi ukiwa umefungwa na gari limerudishwa. Hivyo maandishi yalijaa mafanikio yaliyonukuliana, na kila mradi mpya ulianza ukiamini kwamba wenzake wamefaulu. Kama kuna mahali ambapo upimaji wa zana za wakulima wadogo ulipoteza heshima yake, ni hapo.

Ukitaka kupima plau bila kungoja miaka mitatu, ipo njia ya mkato ambayo haihitaji ng'ombe. Tembelea nyumba za wakulima na ukague maplau ya zamani yaliyoegemezwa kwenye mti. Kila plau lililotumika misimu mitano limebeba tathmini yake mwilini. Gurudumu la mbele mara nyingi halipo: ekseli ililika, ikaanza kuburuta, mwenyewe akalitoa. Kile kipande cha mbele chenye matundu, pale mnyororo unapofungwa, nacho kimeondoka, na mnyororo umefungwa moja kwa moja kwenye boriti. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali za kusini na mashariki mwa Afrika umekuta picha hiyo tena na tena.

Matundu hayo yana kazi. Ukipandisha mnyororo tundu la juu, plau linazama, ukiushusha, linapanda. Ukiuhamishia pembeni, upana wa mfuo unabadilika. Mkulima asiye na matundu anabaki na mikono yake: anakandamiza vishikio au anavinyanyua kutwa nzima, na anafupisha au kurefusha mnyororo kwa kukisia. Mnyororo mfupi unavuta kwa kuelekea juu sana na kuinua pua ya plau, nao uliozidi urefu unalizamisha na kuwachosha ng'ombe. Mhandisi akiona plau lisilo na kirekebishio husema mkulima hajaelimishwa. Pengine. Lakini kama nyumba tisa kati ya kumi hazina kipande hicho, mimi ningemwita mhandisi. Huenda bolti zake ni laini, huenda spana inayozifaa haiuzwi gulioni, huenda matundu yamekaribiana mno kiasi kwamba kuhama kutoka moja hadi jingine hakubadilishi kitu ambacho macho yanaona.

Kisu nacho hueleza mengi. Kikiwa kipya kina pua inayoelekea chini kidogo, ndiyo inayolivuta plau lizame. Mchanga wa luseni hukila kama jiwe la kunolea, na pua ikiisha, plau huteleza juu juu huku likidai nguvu ileile au zaidi. Upimaji wake ni rahisi kushangaza: pima uzito wa kisu, lima ekari kadhaa, pima tena, andika gramu zilizopotea kwa ekari. Chuma cha kisu kinatakiwa kiwe na kaboni ya kutosha na kipitishwe motoni na majini kwa ustadi. Kikiwa laini kinaliwa, kikigumishwa kupita kiasi kinavunjika kwenye jiwe la kwanza. Tofauti hiyo haionekani kwa macho dukani, kwa vile rangi nyekundu hupakwa juu ya vyote viwili.

Na hapa ndipo mhunzi anapoingia kwenye tathmini, mtu ambaye fomu nyingi hazina nafasi ya jina lake. Vijijini anafua visu kutoka springi za malori zilizokufa, chuma kizuri kuliko baadhi ya vinavyouzwa vipya. Swali la kumuuliza ni moja: plau hili likifika kwako limekufa, utalifufua? Kama kisu kimeshikwa kwa bolti mbili za ukubwa wa kawaida na umbo lake linaweza kuigwa kwa nyundo na fuawe, litaishi. Kama kinahitaji mashine ya kiwandani, plau lina uhai wa kisu kimoja. Mradi wa maksai wa Mbeya, uliofadhiliwa na Kanada kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, ulifanya kazi na mafundi wa vijijini sambamba na wakulima, na naamini hilo lilikuwa sahihi kuliko michoro yote.

Mlimaji wa nyanda za juu za Ethiopia angetushangaa kwa haya yote. Maresha yake ni mti, ncha ya chuma na ngozi. Halipindui udongo, huuchana, na kabla ya kupanda tefu atalipitisha mara tatu hadi tano. Kwa kipimo cha kilomita linashindwa vibaya na plau la bawa, lile linalopindua udongo. Lakini kazi ikiisha hulibeba begani, hupanda nalo mlima kurudi nyumbani, na likivunjika atakata mti mwingine. Wataalamu wa kituo cha mifugo cha ILCA, Addis Ababa, walipotaka zana ya kutengeneza matuta mapana kwenye udongo mweusi, waliunganisha maresha mawili badala ya kuleta fremu ya chuma. Hata hivyo uzito ulibaki kuwa lalamiko.

Zambia ilikwenda njia nyingine. Mashamba yanayokatuliwa kwa kina kilekile kila mwaka huunda tabaka gumu chini kidogo ya mfuo, ambapo kisu husugua na kwato hukanyaga. Maji hayapenyi, mizizi inakunja kona. Mpimaji anayetazama mfuo mmoja, asubuhi moja, ataliona plau safi lenye kina sawa mwanzo hadi mwisho, bila kujua kwamba usawa huohuo ndio unaojenga tabaka. Katika kituo cha Magoye, Mkoa wa Kusini, watafiti wakishirikiana na Waholanzi walitengeneza miaka ya 1990 jino la kuchana ardhi, ripa la Magoye. Halikuja na fremu yake. Unafungua mwili wa plau, unafunga ripa kwenye boriti ileile, kwa mnyororo uleule. Mistari ikiwa umbali wa sentimita 75, ekari nzima ni karibu kilomita tano na nusu za kutembea. Mtu anaweza kuanza kabla mvua haijatulia na kupanda mapema, jambo lenye uzito mkubwa kwenye msimu mfupi.

Bei yake ipo. Plau la bawa hufukia magugu. Ripa huyaacha yamesimama katikati ya mistari, na mtu lazima ayashughulikie. Saa zilizookolewa na mwanamume Novemba zinaweza kuibuka tena Desemba na Januari kwenye jembe la mkono la mkewe. Plau lenyewe lina historia hiyohiyo. Familia iliyokuwa ikilima ekari mbili kwa mkono hupata maksai, hulima ekari tano, na ekari zote tano hupaliliwa na wanawake na watoto walewale. Mtandao wa wanyamakazi wa mashariki na kusini mwa Afrika, ATNESA, ulikutana Tanga mwaka 1993 kwa ajili ya suala hilo moja la palizi kwa wanyamakazi.

Ndipo turudi Ukambani, kwenye wilaya ya Machakos. Wakulima wa huko walikuwa na matuta ya kuzuia mmomonyoko yaitwayo fanya juu, membamba, yasiyotoa nafasi ya kugeuza zana ndefu. Plau jepesi aina ya Victory liligeuka. Kisha wakaanza kulipatia kazi ambazo halikubuniwa kuzifanya: kufungua mfuo wa kupandia, mtu akifuata nyuma na mbegu, na baada ya wiki chache kupita nalo katikati ya mistari ya mahindi kupalilia. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994 juu ya wilaya hiyo, walionyesha jinsi plau hilo lilivyokuwa sehemu ya mabadiliko makubwa ya ardhi iliyokuwa imekatiwa tamaa. Lilikuwa zana ya kazi nyingi, ile ndoto ya Nolle, isipokuwa wingi wa kazi ulibuniwa na watumiaji na haukuhitaji spana. Palizi ya plau inadai mahindi yapandwe kwa mstari ulionyooka na ng'ombe waliofundishwa kutokanyaga, hivyo hata ubora wa upandaji ukawa sehemu ya ubora wa plau.

Kwenye tathmini za namna hii siku hizi kuna utaratibu mmoja ambao nautetea popote ninapoweza. Maplau yaliyotumika msimu mzima hupangwa uwanjani, na kila mtu hupewa punje za mahindi azigawe mbele ya zana kulingana na anavyoipenda, akieleza kwa sauti kila anapoweka punje. Wanaume huanza, au wanawake huanza, lakini hawafanyi pamoja. Wanaume huwa wanaegemea upande wa kina, wepesi wa kuvutwa na uimara wa kisu. Upande wa wanawake utasikia urefu wa vishikio, uzito wa kunyanyua mwishoni mwa mfuo, na hali ya magugu wiki ya nne. Orodha hizo mbili hazijumlishwi kupata wastani. Huandikwa kurasa mbili zinazotazamana, na anayetengeneza plau hupewa zote mbili pamoja na uzito wa maksai wa Novemba.